SOMO: Tovuti ya kambi, mgeni anaangalia nini kabla ya kulipia hema

Wakuu, habari za jioni. Somo hili niliwaahidi wiki iliyopita, likachelewa kwa sababu umeme huku Rau ulikuwa wa kubahatisha.

Nilikaa mapokezi ya kambi moja njia ya Marangu miaka minne kabla sijaanza kutengenezea watu tovuti. Pale kaunta nilijipa kazi isiyokuwamo kwenye mkataba: kila mgeni anayejiandikisha namuuliza ametupataje na ni kambi ipi nyingine nusura aende. Majibu nayaandika kwenye daftari. Hilo daftari ninalo mpaka leo, na hakuna mgeni hata mmoja aliyesema amekuja kwa sababu ya picha ya Mlima Kilimanjaro. Mlima wameuona kwenye kila tovuti kuanzia Machame hadi Usa River. Walikuwa wanasema: nimeona choo chenu kwenye picha; mliandika lango lina upana gani; mlinijibu maji ya moto yanapatikana saa ngapi. Anayelala kwenye hema ana wasiwasi mwingi kuliko wa hotelini, na ukurasa unaoumaliza wasiwasi huo ndio unaopata pesa yake.

HATUA YA 1: Jua unamwandikia nani

Kambi za huku zina wageni wa aina nne. Kuna wenye magari yao, wametokea Kenya kwa Namanga, hema liko juu ya gari. Kuna vijana wa mabegi wanaosubiri kupanda mlima. Kuna kampuni za safari zinazokuja na mpishi na mahema yao zikielekea Ngorongoro. Na siku hizi kuna familia zetu za Arusha mjini na Dar, wanataka wikiendi ya kuchoma nyama watoto wakikimbia. Huyu wa mwisho tunamsahau sana, na yeye anasoma Kiswahili. Chagua wawili unaowapata zaidi, uwaandikie hao kwanza.

HATUA YA 2: Piga picha choo

Najua mtacheka. Pigeni tu.

Picha ipigwe asubuhi jua likishapanda, sakafu imekauka, ndoo na fagio vimeondolewa, karatasi ipo, taa imewashwa hata kama ni mchana. Simama mlangoni ili ukubwa wa chumba uonekane. Kama ni choo cha kuchuchumaa, kionyeshe kama kilivyo. Anayekikataa kwenye picha angekikataa pia akiwa ameshafika, tena kwa kelele. Bafuni onyesha bomba na mahali pa kutundika taulo. Mama mmoja Mholanzi aliniambia alitulinganisha na kambi mbili nyingine, bei zikakaribiana, akaja kwetu kwa sababu kwenye picha aliona kirafu cha kuwekea miwani. Kile kirafu fundi alikipigilia kwa mabaki ya mbao za jikoni.

Halafu maji ya moto. Ukiandika "maji ya moto yapo" hujajibu kitu. Kama mnachemsha kwa kuni, andika moto unawashwa saa ngapi. Kama ni sola, sema ukweli kwamba Julai mawingu yakikaa Moshi siku nzima, maji yanakuwa vuguvugu. Mgeni aliyeambiwa vuguvugu akakuta vuguvugu halalamiki.

HATUA YA 3: Chukua futikamba

Tovuti yetu ilikuwa inasema magari yote yanakaribishwa. Siku moja likaja lori la Mjerumani, lile la kuishi ndani, refu kwenda juu kama nyumba. Langoni palikuwa na tawi la mjakaranda limeinama. Likakwama. Ikabidi arudi nyuma kwenye barabara kuu, bajaji zinapiga honi, mlinzi wetu anapunga kofia kama trafiki. Akaenda kulala kwa jirani. Kesho yake tulipima: chini ya lile tawi, mita 3.3. Tulipoiweka namba hiyo kwenye ukurasa, wenye malori wakaanza kutuandikia kabla ya kuja, na bosi akakubali tawi likatwe.

Kwa hiyo pima urefu na upana wa lango, hesabu viwanja vya mahema, na uandike ardhi ikoje, nyasi au changarawe. Soketi nazo zitajwe: umeme wetu ni volti 230 na plagi yetu ni ya pini tatu bapa, wageni wengi wa Ulaya hawana. Nukta ya ramani ichukue ukiwa umesimama langoni, usiichukue ofisini. Na kama masika, Machi hadi Mei, njia yako inataka gari la magurudumu manne, iandikwe juu kabisa, isifichwe chini kwenye masharti.

HATUA YA 4: Saa za wazungu

Hili limetugharimu na sitalisahau. Bosi aliandika kwa Kiingereza kwamba lango linafungwa saa 3. Yeye kichwani ana saa tatu usiku. Mzungu akisoma 3 anaelewa saa tisa alasiri. Sasa fikiria, ndege ya KLM kutoka Amsterdam inatua KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, jioni; abiria wake akisoma vile anaona huku hakumfai, anafunga ukurasa, na wewe hutajua kamwe. Tuligundua kwa sababu Mbelgiji mmoja mpole aliandika kuuliza nani atamfungulia.

Andika 21:00. Tarehe nazo andika jina la mwezi, kwa sababu 5/6 kwa Mmarekani ni Mei 6, kwako ni Juni 5, na mmoja wenu atakuta hema limechukuliwa.

HATUA YA 5: Bei

Mgeni anafungua kurasa nne kwa pamoja. Ule ulioandikwa "wasiliana nasi kwa bei" ndio anaoufunga wa kwanza. Sema bei ni ya mtu au ya hema, maana aliyezoea hoteli anadhani ni ya chumba. Sema kilichomo: kuni, jiko, umeme, ulinzi, kiingilio cha dereva. Sema kama VAT imo. Ukimwongezea kitu mezani wakati wa kuondoka, hata kiwe kidogo, ndicho atakachokiandika kwenye maoni.

Angalizo moja: kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Kurasa nyingi bado zina bei za zamani za dola. Kaa na mhasibu wako kabla fundi hajabandika bei.

HATUA YA 6: Wepesi

Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4 au 5. Ipunguze ishuke chini ya KB 300. Mtu anayetafuta pa kulala leo yuko njiani, mtandao wake unakuja na kupotea.

HATUA YA 7: Njia ya kuweka nafasi

Fomu iwe fupi: jina, tarehe, watu wangapi, hema au gari, saa ya kufika. Basi. Nakala ya pasipoti usiombe kwenye fomu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ukikusanya usichokihitaji umejitafutia mzigo. Namba ya WhatsApp ianze na +255 na ile sifuri ya mbele iondoke, la sivyo mgeni akibonyeza haiendi popote. Nimekuta kosa hili kwenye tovuti tatu mwezi huu peke yake. Kianzio kama unachukua, andika pembeni yake akighairi anarudishiwa kiasi gani na kwa siku ngapi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Karatu: Dada, mimi nipo Booking.com tayari na wageni wanakuja. Tovuti ya nini tena?

Jibu: Daftari langu linasema wengi wanakuona kule, halafu wanaandika jina lako kwenye Google kuhakikisha upo kweli. Wakikuta ukurasa wa mwisho una salamu za Krismasi ya 2019, wanaingiwa na shaka. Na anayekuja moja kwa moja hukatwi kamisheni yake. Ila bei za pande zote mbili zisipishane bila maelezo.

Mdau wa Sakina: Kuna mtu kanipa nyota moja, anasema aliibiwa. Hajawahi kulala kwangu. Niwaombe wadogo zangu waniandikie nyota tano tano zimfunike?

Jibu: Usithubutu, mkuu. Nyota tano sita za siku moja, zote zinasema "pazuri sana", mgeni anazinusa. Iripoti Google kama maoni ya uongo, kisha jibu hadharani kwa mistari mitatu: umeangalia kitabu cha wageni, jina hilo halimo, ulinzi wenu usiku uko hivi na hivi. Usimtukane. Jibu hilo mgeni anayefuata atalisoma kwa makini kuliko malalamiko yenyewe.

Mdau wa Marangu: Binti, mimi ni mzee mstaafu, nina eka moja ya nyasi chini ya migomba na simu hii tu. Fundi wa tovuti kaniambia bei nikakaa chini. Nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo mzee. Anza na Google Maps, kujisajili ni bure. Weka jina, nukta ya langoni, picha kumi, ya choo ikiwa ya pili, na maelezo ya hatua ya 3 na ya 4. Wenye magari yao wanatumia pia iOverlander, programu ya simu ya kutafutia pa kulala njiani, na kule mgeni mwenyewe ndiye anayekuandika. Huyo wa kwanza kufika mpe ndizi. Fundi atakuja baadaye, ukishajua wageni wako wanauliza nini.

Mdau wa Mto wa Mbu: Jirani yangu ana baa, Ijumaa na Jumamosi muziki mpaka usiku wa manane. Nikiandika si najifukuzia wateja?

Jibu: Usipoandika wewe, ataandika aliyekosa usingizi. Jumamosi hii saa tano usiku zunguka kiwanja chako chote, simama kila kona usikilize. Ile kona yenye unafuu ipe jina, iweke kwenye ramani ya kambi, anayetaka kulala mapema mpangie pale. Na baa nayo itaje, useme ni hatua ngapi kwa mguu. Vijana wa mabegi watakuuliza bia baridi ni shilingi ngapi.