SOMO: Jinsi ya kudai usalama wa baiskeli bungeni Olympia (kwa waliopo Kent, Tukwila, SeaTac na jimbo zima la Washington)

Salaam ndugu zangu. Wengi wetu huku baiskeli sio ya mazoezi, ni ya kazi. Unatoka shifti kwenye maghala ya Kent saa sita usiku, basi la mwisho limeshapita au linakuja baada ya saa nzima, unapanda baiskeli yako unarudi nyumbani na malori yanakupita ubavuni. Sasa wanaoenda Olympia kuongelea baiskeli wengi wao wanaendesha mchana na wikendi, wanafanya kazi nzuri sana na nawashukuru, ila ya saa sita usiku hawayajui, sisi ndo tunayajua, na kama hatuyasemi hakuna atakayetusemea. Mwaka 2023 watu zaidi ya 800 walikufa barabarani kwenye jimbo hili, hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko mwaka wowote kwa miaka zaidi ya 30 nyuma yake.

Hatua ya 1: jua barabara ni ya nani
Hapa ndo watu wengi wanapoteza muda. Mtaa wa ndani ni wa siti (mji unapokaa), peleka malalamiko kwenye baraza la siti. Ila barabara yenye namba ya SR ni ya jimbo, mfano Pacific Highway ni SR 99 na Kent-Kangley ni SR 516, hizo lazima zifike kwa jimbo hata kama siti nayo ina sehemu yake. Na sheria za jinsi gari linavyompita mwendesha baiskeli, hizo zinatungwa Olympia.

Hatua ya 2: jua wabunge wako
Jimbo lina distrikti 49, kila moja ina seneta mmoja na wabunge wawili. Ingia tovuti ya bunge la jimbo, andika anwani ya unapolala, watatokea wote watatu. Ukiwaandikia anza na unapoishi, maana barua ya mtu wa distrikti yake mbunge anaipa uzito tofauti kabisa.

Hatua ya 3: kalenda
Bunge linaanza Jumatatu ya pili ya Januari. Mwaka wa namba witiri, kama 2025, linakaa siku 105, mwaka wa namba shufwa siku 60 tu. Kwahiyo ukisubiri mwezi wa tatu ndo uanze kuongea umechelewa, miswada mingi inakuwa imeshafia kwenye kamati. Mbunge mtafute kuanzia Oktoba au Novemba, akiwa nyumbani na ana nafasi ya kukusikiliza.

Hatua ya 4: andikisha msimamo
Mswada ukipangiwa kikao cha kusikiliza maoni, unaingia kwenye tovuti ya bunge, unachagua kamati, unachagua mswada, unabonyeza kama unaunga mkono au unapinga. Ni dakika tano kwa simu ukiwa breki ya kazini. Mwisho ni saa moja kabla kikao hakijaanza. Tukiwa na grupu la WhatsApp la kanisa au msikiti hapo ndo pa kusambaza linki, kwasababu kamati inaona wangapi wameunga mkono na wangapi wamepinga.

Hatua ya 5: toa ushahidi wako
Hii ndo yenye nguvu kuliko zote. Unaweza kwenda Olympia mwenyewe, au ukaongea kwa Zoom ukiwa jikoni kwako. Mwenyekiti anakupa dakika moja au mbili, basi. Usianze kusoma takwimu, hizo wanazo. Sema jina lako, unapokaa, mswada namba ngapi, unaunga mkono. Halafu sema kitu kimoja ulichokiona kwa macho, na useme kwa undani: njia panda ipi, saa ngapi, ukingo wa lami una upana gani, kokoto zimejaa wapi, kifuniko cha mtaro kina nafasi ambazo tairi inazama wapi, taa za mtaani zinaishia wapi. Mbunge aliyezoea kuendesha gari hajawahi kujua kwamba ule mstari mweupe wa pembeni ndo njia yako yote, na ukikuta kioo kilichovunjika inabidi uingie mbele ya lori. Mwambie hivyo hivyo. Malizia na unachotaka, pitisheni mswada huu, asante. Jipime na simu kabla, dakika moja ni maneno kama 120 hivi.

Kama huwezi kuongea andika, maandishi yanapokelewa mpaka saa 24 baada ya kikao kuanza.

Hatua ya 6: usiachie hapo
Baada ya kusikilizwa kamati inapiga kura, kisha kamati ya ratiba inayochagua miswada ya kupigiwa kura, kisha ukumbi mzima, kisha upande wa pili wa bunge (Seneti kama ulianzia kwa wabunge, au kinyume chake) unarudia yote, ndo gavana asaini. Kila kituo mswada unaweza kufa kimya kimya. Jiandikishe kwa Washington Bikes, shirika linalotetea waendesha baiskeli, wanatuma taarifa ni wakati gani wa kupiga simu.

Na inafanya kazi jamani. Tangu Januari 2020 gari likikupita inatakiwa lihamie leni nyingine kama ipo, na kama hakuna lipunguze mwendo na likuachie angalau futi 3. Hiyo haikushuka toka mbinguni, watu walienda kuongea.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tatu: Kaka asante kwa somo. Mimi sio raia bado, kesi yangu ya asailamu (kuomba hifadhi) inaendelea. Naruhusiwa kuongea huko au najitafutia matatizo?

Jibu: Dada unaruhusiwa, ushahidi hauhitaji uraia na kamati haiulizi karatasi. Ila mambo mawili uyashike. Moja, unachosema ni rekodi ya umma, jina linabaki na video inabaki, kwahiyo kama una sababu ya kujificha ongea na wakili wako kwanza. Pili, USISEME kamwe wewe ni raia au mpiga kura kama sio, hata kwa bahati mbaya, hilo linaweza kukuharibia kesi. Sema tu "mimi ni mkazi wa Kent".

Kijana wa Tukwila: Kuna mtu kaniambia baiskeli haisimami kwenye kibao cha STOP ni kweli?

Jibu: Nusu kweli mdogo wangu. Tangu Oktoba 2020 unaweza kukichukulia kama kibao cha kupisha, yaani punguza, angalia, wapishe magari na waenda kwa miguu walio na zamu, ndo upite. Idaho walianza hiyo mwaka 1982. TAA NYEKUNDU unasimama, kibao cha basi la shule unasimama, reli unasimama.

Bibi Zawadi: Kiingereza changu hakipandi kabisa.

Jibu: Shikamoo bibi. Andika kwa Kiswahili, mjukuu atafsiri, muyatume kama maandishi na jina lako. Ukitaka kuongea mwenyewe piga simu ofisi ya kamati mapema kabisa uulize habari ya mkalimani, usisubiri siku yenyewe.

Fundi Baiskeli: Na helmeti je, polisi anaweza kunikamata?

Jibu: Jimbo halina sheria ya helmeti kwa baiskeli, na kaunti ya King ilifuta ya kwake Februari 2022. Baadhi ya siti zina zao, angalia unapokaa. Mimi navaa, na nakuomba uvae. Usiku weka na taa nyeupe mbele, hiyo ni sheria.

Mama Tatu: Ile vocha ya jimbo ya kununulia baiskeli ya umeme itarudi? Mwaka 2025 niliomba sikupata.

Jibu: Ile ilikuwa bahati nasibu, dola 300 kwa mtu yeyote na 1,200 kwa wenye kipato kidogo. Kurudi kwake kunategemea bajeti, na bajeti wanaipanga hao hao watatu wa hatua ya 2. Waandikie kwamba uliomba, hukupata, na unaenda kazini na nini sasa hivi. Ukikwama kwenye kuandika nitumie inbox tuiandike wote.