Ukienda kukagua makao ya ndugu yako, anzia bafuni

Mdogo wangu hatembei wala hasemi, na anaishi katika makao ya watu wenye ulemavu. Siku ya kumpeleka nilikaa sebuleni, nikaoneshwa cheti ukutani, nikaondoka nimeridhika. Wiki chache baadaye nikamkuta na malengelenge mapajani. Mhudumu alikuwa amepima maji kwa vidole vyenye glavu.

Tangu hapo sipigi simu kabla ya kwenda, na naanzia bafuni na kipimajoto. Fungulia bomba la moto kama dakika mbili ndipo upime, maana maji ya mwanzo hudanganya. Kwa mtu asiyeweza kujitoa majini, ya kuogea yasizidi nyuzi 44. Yakifika 60, sekunde 5 hivi zinatosha kumbabua mtu mzima. Uliza nani hupima, na anaandika wapi.

Halafu omba daftari la dawa. Chagua dawa moja tu ya mtu wako, hesabu vidonge vilivyobaki, linganisha na vilivyopokelewa na sahihi za kila siku. Niliwahi kufika saa nane mchana nikakuta dozi ya jioni imeshatiwa sahihi. Kalamu ileile, mwandiko uleule, mwezi mzima! Daftari safi mno hunitia shaka kuliko lenye mafuto.

Kuhusu moto, mitungi ya kuzimia utaiona mwenyewe. Wewe uliza zoezi la mwisho la kutoka nje lilifanyika saa ngapi. Wakikujibu asubuhi, zamu ilikuwa imejaa watu. Je, usiku wa manane wanabaki wahudumu wangapi, na wasioweza kushuka kitandani ni wangapi? Mwombe mhudumu mmoja akuoneshe kwa vitendo atakavyomtoa mtu wako akiwa peke yake. Sukuma mlango wa dharura kwa mkono wako. Ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Ukiambiwa ufunguo anao meneja, meneja naye analala kwake.

Kengele ya kuita iwe mkononi mwa aliyelala. Ya mdogo wangu niliikuta imezungushwa kwenye kitasa cha dirisha.

Kisha mwili wenyewe, kwa ridhaa yake: visigino, nyonga, chini ya mgongo. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta palipokoza rangi, penye joto au ugumu kuliko pembeni. Ndivyo kidonda cha kulalia kinavyoanza.

Mwisho, dai ripoti nzima ya ukaguzi, si cheti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 16, unataka makao haya yafuatiliwe na vyombo huru. Nenda moja kwa moja kwenye kasoro, ukatazame kama zimerekebishwa.

Zungumza na wakazi bila mhudumu kuwepo. Wangu hasemi, ila kuna mhudumu mmoja akiingia tu chumbani, mikono ya mdogo wangu hukakamaa. Nalo naliandika, na tarehe.