Namna ya kukagua makao ya watoto kabla ya kutoa mchango

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu hapa Dar es Salaam, na kila Ramadhani inapokaribia, maombi ya kuwasaidia watoto yatima huwa mengi. Kabla fedha za wanachama hazijatoka, ninafuata utaratibu ufuatao.

Hatua ya kwanza ni kuomba jina kamili la taasisi, namba ya usajili na ofisi iliyoisajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na Msajili aliye chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, kwa mujibu wa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Jumuiya, zikiwemo za kidini, husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na bodi za wadhamini huandikishwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Anayesema "tumesajiliwa serikalini" bila kutaja ofisi bado hajakujibu. Ukitumiwa picha ya cheti, soma tarehe yake, kwa kuwa cheti cha shirika lisilo la kiserikali hudumu miaka 10 na kisha huhuishwa, halafu uiulize ofisi husika kuhusu namba hiyo.

Hatua ya pili inawahusu wanaolea watoto, ambao usajili peke yake hauwatoshi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umtajie jina la makao na mtaa yalipo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: linganisha jina la taasisi na jina la mpokeaji wa fedha. Wakati mmoja tuliletewa cheti halali kabisa. Nilipoingiza namba ya simu tuliyopewa na kiasi cha fedha, kabla ya kuweka namba ya siri, likatokea jina la mtu ambaye hakuwa kiongozi wala mtumishi wa taasisi ile. Nilisitisha muamala, nikawapigia viongozi kwa namba niliyoipata kwenye bango la ofisi yao, nao wakasema hawakumtuma mtu yeyote kuchangisha. Cheti kilikuwa chao, ila aliyekituma alikuwa mwingine. Tangu siku hiyo ninadai akaunti ya benki yenye jina la taasisi yenyewe, na sikubali kuharakishwa, hata nikiambiwa kwamba watoto watalala njaa usiku huo. Ikiwa hali ni hiyo kweli, tunanunua unga, maharage na mafuta na kuvipeleka wenyewe.

Hatua ya mwisho ni kwenda kwenye makao bila kupiga picha za watoto, kumuuliza mlezi mahitaji yao, na baada ya kutoa, kudai stakabadhi yenye jina la taasisi, tarehe, kiasi na saini ya aliyepokea. Stakabadhi hiyo ninaisoma mbele ya wanachama katika kikao kinachofuata.