Mtoto mwenye baridi yabisi: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Kigoma kwenda rufaa

Mtoto anaamka akichechemea, ikifika saa nne anakimbia na wenzake. Bibi anasema ni mifupa inakua, jirani anasema katupiwa kitu, zahanati inapima malaria kwa sababu mkoa wetu una malaria nyingi. Maumivu ya kukua huja jioni au usiku, hayavimbishi kiungo, na asubuhi mtoto hana neno. Kiungo kilichovimba na kubaki hivyo kwa wiki 6 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 16, bila sababu nyingine kupatikana, ndicho kinachowafanya madaktari wafikirie baridi yabisi ya watoto. Hapo kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa kiungo. Haitokani na upepo wa ziwani wala kulala kwenye sakafu, na mama hana kosa lolote.

Kuna hali moja isiyongoja maandalizi. Kiungo kimoja kikiwa cha moto, kinauma vikali, homa iko juu na mtoto hataki hata kiguswe, huenda kuna usaha ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kama si hivyo, wazazi wengi huanza kutafuta nauli. Mimi ningeanza na daftari. Madaktari bingwa wa magonjwa haya kwa watoto ni wachache mno nchini, na muda utakaokaa nao ni mfupi. Andika uvimbe ulianza lini, kwenye kiungo gani, na asubuhi mtoto hukakamaa kwa muda gani, maana dakika kumi na saa nzima ni habari mbili tofauti kwa daktari. Andika homa hupanda saa ngapi na kama hushuka yenyewe, pamoja na kila kipimo cha malaria alichofanyiwa na majibu yake. Homa ikija na vipele vinavyotokea na kupotea, vipige picha mchana kwenye mwanga mzuri, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi havionekani kirahisi. Mrekodi pia kwa simu akishuka kitandani na akijaribu kuchuchumaa asubuhi. Zamu yenu ikifika mchana atatembea vizuri, na bila video hiyo utaonekana unakuza mambo.

Kumbuka kama aliumwa koo wiki 2 au 3 kabla ya viungo kuanza. Maumivu yanayohama, leo goti na keshokutwa kiwiko, yanaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ugonjwa mwingine unaoharibu vali za moyo. Tiba yake pia ni nyingine: sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Seli mundu na TB ya mifupa nazo huumiza viungo. Omba hospitali ya wilaya au Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, waanze kuyachunguza hayo kabla hamjasafiri. Na mtu asikutulize kwa kusema damu haikuonyesha baridi yabisi: kipimo kinachotumika sana kwa watu wazima huwa hakionyeshi kitu kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu.

Kama mtoto alipewa miti shamba au alichanjwa chale, sema. Hata dawa ya unga isiyo na lebo, itaje. Daktari anahitaji kujua kilichomo mwilini mwake kabla ya kuongeza kingine.

Safari yenyewe, iwe ya Bugando kule Mwanza au Muhimbili, ianze na barua ya rufaa na simu ya kuuliza kliniki inayohusika ni siku gani. Beba picha za eksirei zenyewe pamoja na maelezo yake, majibu yote ya damu, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Kadi ya kliniki ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa baadhi ya chanjo hazitolewi mtoto akishaanza dawa za kushusha kinga. Kama hamna bima, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijakua, mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Siku ya safari muamshe mapema, umkande kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu mabasi mengi huondoka alfajiri, saa ambayo viungo vyake ni vigumu kuliko zote. Ibuprofeni, dawa ya maumivu na uvimbe, kama ameandikiwa, apewe akiwa ameshakula.

Lililo zito zaidi ni maisha baada ya kurudi, na maswali yake yaandikwe kabla. Watoto wengi huanzishiwa methotreksati, moja ya zile dawa za kushusha kinga. Inatolewa mara moja tu kwa wiki, na kuitoa kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Chagueni siku moja, muiandike kwenye pakiti kwa kalamu nzito, na bibi anayebaki na mtoto aijue. Damu itahitaji kupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Uliza kama itapimwa Kasulu, Kibondo au Maweni, na majibu yatumwe kwa nani. Uliza dawa ya miezi mingapi mnaweza kuondoka nayo, na ikiisha itapatikana wapi. Akipewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, isikatishwe ghafla hata akionekana amepona. Macho yasisahaulike: ugonjwa huu unaweza kuyavimbisha kwa ndani bila wekundu wala maumivu na kumpunguzia mtoto uwezo wa kuona, kwa hiyo yapimwe kwa darubini ya macho kila baada ya miezi 3 hadi 12, kulingana na aina aliyo nayo.

Muombeni daktari barua ya shule pia. Mwalimu aelewe kuwa mtoto huyu anahitaji kusimama na kujinyoosha katikati ya kipindi, na kwamba akichelewa asubuhi ni viungo havijafunguka, asichapwe.