Mnanaha kwenye nafaka: chagua kabla hujasaga

Mnanaha unaujua hata kama jina limekupita: ni ule mmea wa jaani na pembezoni mwa shamba, ua refu kama tarumbeta, tunda lenye miiba tele. Tunda likikauka hupasuka na kumwaga mbegu, na shamba lisilopaliliwa likivunwa, mbegu hizo huingia guniani. Zina atropini na skopolamini, sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, unga wa uji wa msaada uliochafuliwa na sumu hizo uliua watu watano na kulaza mamia.

Ukishasaga, hakuna jicho litakaloziona. Kazi yote ni kabla ya kinu.

1. Pale soko la Kongowea, Mombasa, usiridhike na konzi ya juu ya gunia. Mwambie muuzaji, "Kaka, nichotee ya chini," maana vidogo huteremka gunia likitikisika njiani. Akinuna, nenda kwa jirani yake.

2. Mahindi, maharagwe na mbaazi: chekeche la matundu ya milimita 4 hivi linatosha. Wimbi ni kinyume chake: tumia matundu madogo, wimbi lipite, mnanaha ukwame juu.

3. Mtama ndio shughuli, kwa kuwa punje zake hazipishani sana na mbegu hizo. Ungo nao hutoa makapi tu. Mwaga konzi moja moja kwenye sinia jeupe, mchana, karibu na dirisha. Unatafuta kitu bapa, umbo la figo, upana wa milimita 3 hivi, kahawia nzito au cheusi, ngozi ina vishimo vishimo. Mbegu ya pilipili hufanana nayo kwa umbo, ila ni ya manjano na nyororo.

4. Zikijirudia kila konzi, rudisha gunia. Mimi sibishani na gunia la namna hiyo. Chache ulizotoa tia choo cha shimo: ukizitupa uani zitaota, na kuku wasipewe.

5. Mlaji akikauka mdomo, mboni zikapanuka, ngozi ikawa moto bila jasho, akaanza kuzungumza na wasiokuwepo, watu watasema ana pepo. Kumsomea kutafuata, kwanza hospitali, mara moja, na ubebe kilichobaki sufuriani pamoja na unga wenyewe.