Kutoka jangwani hadi mlimani kwa gari-nyumba wakati wa baridi: hesabu mita, kalenda iache

Januari, adhuhuri, Phoenix unatembea na fulana. Ukishika barabara ya I-17 kuelekea kaskazini, kilomita 230 hivi, unaweza kufika Flagstaff ukakuta theluji ya magotini. Jimbo ni lile lile la Arizona, Marekani, siku ile ile. Kilichobadilika ni mwinuko tu: Phoenix iko kama mita 330 juu ya usawa wa bahari, Flagstaff mita 2,100. Mimi ni mtu wa Tanga, baridi yangu ilikuwa ya Lushoto, kwa hiyo msimu wa kwanza nilipanga safari kwa kuangalia mwezi. Siku hizi naangalia mita, na karibu kila kitu nakitengeneza nikiwa bado bondeni.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya baridi

Kila unapopanda mita 1,000, toa nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Phoenix hadi Flagstaff ni kama nyuzi 12 zimeondoka, na usiku bado haujaingia. Soma utabiri wa mahali utakapolala, na namba ya kuangalia ni ile ya alfajiri. Hakikisha pia njia iko wazi. Kwenye korongo kuu la Grand Canyon, upande wa kusini hufikika mwaka mzima, ila wa kaskazini hufungwa kwa magari msimu wa theluji.

Hatua ya 2: Dizeli nunua juu

Wenye injini ya petroli ruka hapa. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikikaza nta hiyo huganda ikaziba filta. Vituo vya milimani huuza dizeli iliyochanganywa kwa ajili ya baridi. Ya jangwani mara nyingi siyo. Panda na nusu tangi, jaza ukifika, kisha endesha kidogo ili mafuta mapya yafike kwenye filta kabla hujazima gari kulala.

Hatua ya 3: Maji

Jaza tangi la ndani, chomoa mpira wa maji, umwage wote, ukunje uweke ndani. Mpira ulioachwa umeunganishwa usiku kucha asubuhi unakuwa fimbo. Valvu za maji machafu zifunge. Ukiziacha wazi, yale matone ya sinki yanaganda ndani ya bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka linaziba. Fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto lifikie mabomba. Kwenye tangi la maji machafu mimina kidogo ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda, iliyotengenezwa kwa mabomba ya magari haya. Usitumie ya rejeta. Ile ni sumu.

Hatua ya 4: Umeme wa hita

Hapa ndipo wengi tunapoumbuka, kwa sababu tunadhani hita inakula gesi tu. Feni yake inakula betri. Chukua feni ya ampea 8. Usiku wa Desemba huku ni saa 14 hivi, na hita ikifanya kazi nusu ya muda huo, umetumia ampea-saa 56. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Haikufikishi asubuhi.

Mimi haikunifikisha. Saa kumi alfajiri nilisikia feni inapunguza mwendo, kama mtu anayevuta pumzi kwa taabu, halafu tik, tik, tik ya kiwashio bila moto kushika. Mtungi wa gesi ulikuwa umejaa. Nilikaa na blanketi tatu mpaka jua lilipotoka, saa moja na nusu.

Weka basi betri mbili, au ya lithiamu, lakini ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, seli zitaharibika. Iweke ndani penye joto. Paneli za sola ziinue. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri Flagstaff huwa kama nyuzi 31 tu kutoka upeo wa macho, na paneli iliyolala bapa juu ya paa hupata kama nusu ya mwanga ambao ingepata ikilikabili.

Hatua ya 5: Gesi na hewa

Propani hutoka kwenye mtungi hata baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Vile vikopo vya butani vya jiko la kambini hukataa karibu na sifuri, kwa hiyo usivitegemee. Usipashe gari joto kwa jiko la kupikia. Sisi tuliokua na jiko la mkaa tunajua chumba kilichofungwa kinavyoua. Jaribu king'ora cha monoksidi ya kaboni, ndiyo gesi hiyo inayoua, kabla ya kupanda, na acha dirisha la paa wazi upana wa kidole. Pumzi za watu wawili zinatosha kulowesha godoro.

Hatua ya 6: Minyororo na kushuka

Jifunze kufunga minyororo ya matairi bondeni, kwenye sakafu kavu, mikono ikiwa na joto. Piga 511 uulize hali ya barabara. Kushuka kuelekea mji wa Camp Verde, kusini mwa Flagstaff, weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, breki iguse na kuiachia. Ukisikia harufu ya kuungua, umechelewa. Tafuta pa kusimama.

Hatua ya 7: Kulala jangwani

Ardhi kubwa ya umma inayosimamiwa na BLM (idara ya ardhi ya serikali kuu ya Marekani) huruhusu kulala bure, kwa kawaida siku 14, kisha uhame. Chagua ardhi ngumu iliyoinuka. Korongo la mchanga linavutia, limesawazika na halina upepo, lakini mvua ikinyesha milimani ulikotoka, maji yatapita hapo hata kama juu yako kuna nyota tupu.