Kumtambua na kumsaidia mfanyakazi aliyezidiwa msimu wa wageni

Ukimuuliza mfanyakazi "habari za kazi?", atakujibu "nzuri" hata kama hajalala siku tatu. Ndivyo salamu zetu zilivyo. Kwa hiyo kwenye ofisi za safari hapa Arusha, hasa Julai hadi Oktoba, kagua kazi yenyewe.

Mlinganishe mtu na alivyokuwa mwezi wa Aprili, si na mwenzake wa meza ya pili. Makosa madogo hutangulia: tarehe ya loji imepishana siku moja na ya kuingia hifadhini, jina la mgeni limerukwa herufi. Kisha majibu yanakuwa ya neno moja, na barua pepe zinatumwa saa sita usiku. Mchangamfu akinyamaza, mtazame. Mpole akianza kufoka, mtazame zaidi. Dereva anayerudi kutoka Serengeti usiku na kupangiwa wageni wengine alfajiri usimsubirie dalili, rekebisha ratiba. Kwa kawaida sheria ya ajira ya 2004 inampa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki.

Tenga dakika 20 za faragha. Kundi la WhatsApp si mahali pake. "Una shida gani?" humfanya mtu ajitetee, uliza badala yake, "Kazi ipi ikikaa hadi Jumatatu hakuna mgeni atakayekwama?" Hilo linajibika bila mtu kukiri kushindwa. Mpe karatasi aandike kila alichoshika, kisha mgawanye: cha leo, cha kusubiri, na kisichokuwa chake. Fungu la mwisho huwa refu kuliko mkuu anavyodhani, maana kwenye ofisi ndogo mtu wa booking ndiye pia anayenunua maji ya gari na kupokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Mwondolee kazi mbili nzima, si nusu nusu, na utangaze wewe mwenyewe nani amezichukua, isije ikaonekana kanyang'anywa. Usimtwike yule yule anayeaminika siku zote. Atakuwa wa pili kuzidiwa.

Ruhusa ya siku mbili bila mtu wa kushika kazi zake haisaidii, kwani rundo linamsubiri. Posho bila kupunguza mzigo ni hivyo hivyo. Na "jikaze, msimu unaisha" humfundisha kuficha.

Mara nyingi chanzo ni saa za wateja. Saa tatu asubuhi ya New York mwezi Julai ni saa kumi jioni kwetu. Ya Los Angeles ni saa moja usiku. Aliyefungua ofisi asubuhi ndiye anayejibu tena usiku. Weka zamu ya saa sita mchana hadi saa tatu usiku, mmoja mmoja kwa wiki, na anayeishika asiingie asubuhi. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Baada ya siku tatu itazameni karatasi ile tena, kisha baada ya wiki. Kazi zilizoondolewa hupenda kurudi kimyakimya, kwa sababu wenzake bado wanampigia yeye.

Akisema hapati usingizi kabisa wiki nzima, mpe nafasi amwone daktari. Akisema haoni sababu ya kuishi, acha ratiba zote, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.